Mama Mkwe na Beseni

Fundi wa kuchomelea vyuma alianza kukwamwa na nyama, kisha wali, mwisho hata uji ukawa unashuka kwa kusuasua. Akajidanganya kuwa ni vidonda vya tumbo. Mkewe ndiye aliyemburuta hospitali. Kamera ikapitishwa kooni, na jibu likatoka: saratani ya umio.

"Nikateni leo hii, yaishe," alimwambia daktari wa upasuaji.

Daktari akamweleza kwa upole kwamba uvimbe umekaa pabaya. Kwanza atatundikiwa dripu za dawa huku akipigwa mionzi, ili uvimbe unywee. Ndipo watamfanyia upasuaji, waondoe umio ulioharibika na kulivuta tumbo juu liwe njia mpya ya chakula. Kwa hali yake, kisu peke yake kisingetosha.

Mkewe alikuwa na zamu kiwandani, kwa hiyo mama yake akaja kuuguza. Fundi alitamani ardhi ipasuke. Siku zote alimwamkia mama mkwe macho chini. Leo atapike mbele yake? Mionzi ilipomuunguza koo hadi kumeza mate kukamtoa machozi, alijilaza akiugeukia ukuta, akasema haendi tena.

Mama mkwe akabisha hodi, akaingia na beseni mkono mmoja, kikombe cha mtori mwepesi wa ndizi mkono wa pili.

"Baba, heshima tuiweke kabatini kwanza," alisema. "Ukipona tutaitoa tuivae. Sasa fungua mdomo."

Fundi akacheka, kicheko kikamuuma, akafungua mdomo. Kesho yake alirudi kwenye mionzi, mama mkwe akitangulia na beseni lake kama askari.

Siku ya upasuaji, mama na binti walikaa kwenye benchi wameshikana mikono tangu asubuhi. Daktari alipotoka, alikuwa anatabasamu. Baadaye maabara ikathibitisha kwamba dawa na mionzi vilikuwa vimeumaliza karibu uvimbe wote, na kilichobaki kimetoka chote.

Kliniki bado anahudhuria. Anakula kidogo kidogo, analala ameegemea mito, na karakana amesharudi, ingawa kwa nusu siku.

Mama mkwe alipoondoka, walimsindikiza kituoni. Fundi alisimama hadi basi likapotea kwenye kona.

"Mama yako amenizaa upya," alimwambia mkewe.

"Basi tushakuwa ndugu," mkewe akajibu, akifuta macho. "Itabidi tuvunje ndoa."

Wakarudi nyumbani wakicheka, fundi ameshika kovu lake.