Wa Nne Hayumo Kwenye Orodha

Usiku wa jana niliota, ingawa kwa uchovu nilionao hata nguvu za kuota sikuwa nazo. Leo ni siku ya tano tangu Tabita, mke wangu, ajifungue, na huku Makete mwezi wa saba baridi haina adabu. Mama amekuja kumhudumia mzazi, analala humo humo chumbani kwetu. Kila jioni anaingiza jiko la mkaa, anaziba dirisha kwa khanga, anasema mtoto asipigwe na ubaridi.

Ukutani kuna kengele ya kunusa moshi na hewa ya sumu ya mkaa, ile ya kuungwa na simu, aliyotutumia shemeji Obadia kutoka Dar. Nilipoiunga ilidai majina ya wote wanaolala ndani. Niliandika matatu. Mtoto hakuwa na jina. Kwetu jina hutolewa kitovu kikishadondoka, na mtoaji ni bibi.

"Nyumba ina watu wenye pua," mama alisema alipoiona. "Ya nini kununua pua ya plastiki?"

Kubishana na mama kunataka mtu aliyelala vizuri.

Basi ndotoni kengele inashuka ukutani, inavaa miwani ya mama na kuketi kwenye kigoda. Kitandani ameketi mgeni. Amevua viatu mlangoni. Hana rangi, hana harufu, na ana heshima kuliko ndugu zangu wote.

"Umekuja na nani?" namuuliza.

"Na jiko," anasema. "Msisumbuke kuamka. Laleni tu."

Kusema kweli nilimpenda. Siku tano hizo hakuna mwingine aliyeniambia nilale.

"Huyo ndiye sababu ya mimi kuwekwa hapa," kengele inasema. "Pua za nyumba hii zimemwona?"

Mama anaacha kukoroga uji, ananusa. "Hakuna mtu hapo," anasema.

"Maelekezo, ukurasa wa sita," kengele inasoma. " Nikilia, wote watoke nje, wahesabiwe."

Inalia. Mara chumba ni uwanja wa shule ya msingi niliyosoma, tumepanga mstari kwenye umande, na kengele imeshika daftari la mahudhurio.

"Chaula."

"Nipo."

"Tabita."

"Nipo," anasema mke wangu, amefumba macho.

"Mama Chaula."

"Nipo, na uji wangu unaungua."

"Wametimia." Inafunga daftari.

"Bado mmoja," nasema. "Amebaki kitandani na mgeni."

"Anaitwa nani?"

"Bado hajaitwa."

"Basi hayupo." Haisemi kwa ubaya. Inasema kama karani aliyechoka, na uchovu huo naujua.

Nakimbilia nyumbani. Dirishani namwona mgeni anamfunika mwanangu vizuri, anambembeleza alale. Naogopa kuliko nilivyowahi kuogopa. Mlango hauna kitasa. Una nafasi ya kuandika jina.

"Mama, mpe jina."

"Kitovu bado."

"Mama, kitovu kitamdondokea nani?"

Mama ananitazama. Anaweka mwiko chini, ananinong'oneza sikioni. Naandika kwa kidole, na mlango unafunguka.

Hapo niliamka. Kengele ilikuwa inalia kweli, kichwa kizito, jiko jekundu kwenye kona. Nilimnyakua mtoto, nikamvuta Tabita kwa mkono, nikamwita mama kwa sauti ambayo mtoto wa kiume hamwitii mama yake. Tukatoka nje kwenye baridi ya alfajiri. Kwanza mtoto alikuwa kimya. Kisha akalia, nami nikakaa kwenye umande nikalia naye bila kuona haya.

Simu ilikuwa inatetemeka mfukoni. Nikaitoa kuizima, nikaona orodha ya watu wa nyumbani. Chaula. Tabita. Mama Chaula. Chini yao, kwa maandishi madogo, Twilumba, lile nililoliandika mlangoni ndotoni.

Nikalisoma kwa sauti. Mama alikuwa anamzungushia mtoto khanga, mikono ikasimama.

"Hilo ni jina la bibi yangu," alisema. "Nimekaa nalo moyoni tangu Tabita apate mimba. Sijamwambia mtu."

Mama akamweka mtoto vizuri kifuani, akautazama mlango uliokuwa wazi.

"Mwambie Obadia atafute kengele nyingine," alisema. "Ya kule kwangu."