Pembe ya Blandina

Wilbard, afisa misitu, alipanda milima ya Gonja kutoka Same na ramani mkononi, kidole chake kikatua juu ya chemchemi. Mgeni njoo, mwenyeji apone, wanasema. Huyu alikuja, na Blandina, mjane wa kijijini pale, akaanza kuugua.

"Hapa, mama, tunapanda mikaratusi elfu mbili. Mpango wa mkoa unataka mbao na nguzo. Viwanda vinakuja."

"Chemchemi hiyo ndiyo inayojaza ndiva yetu," Blandina alijibu. "Mikaratusi inakunywa kuliko walevi wa Hedaru. Bwawa hilo likikauka, tangawizi tuimwagilie mate?"

"Wataalamu wamepima, mama."

"Lini? Hapa sijamwona mtu."

Hezroni, mwenyekiti wa kijiji na shemeji wa Blandina, alikohoa. Tangu apewe fulana ya mpango, kila neno la ofisini kwake lilikuwa amri. "Shemeji, yameshapitishwa. Jumamosi tunaita msaragambo, kijiji kizima kipande. Wewe kazi yako kupuliza pembe tu."

Pembe ile ilikuwa ya marehemu mumewe, na sasa ilining'inia juu ya mlango wa Blandina. Hezroni, kwa kutaka sifa upesi, alisahau desturi ambayo kila mtoto wa pale anaijua: anayepuliza pembe ndiye anayetaja kazi, na aliyeisikia harudi nyumbani mpaka kazi iishe.

"Nitapuliza," Blandina alisema. Hezroni akatabasamu, maskini.

Jumamosi asubuhi pembe ililia, watu wakaja na majembe. Miche ilikuwa imeshapangwa kando ya chemchemi. Wilbard alitaka kuhutubia, lakini Blandina alishapanda juu ya jiwe.

"Kazi ya leo! Hapa kwenye maji panapandwa mikuyu ya kutunza maji, niliyoiotesha nyuma ya jiko langu. Mikaratusi yote ibebwe, ikapandwe kwenye shamba langu la ng'ambo ya bonde, kusiko na chemchemi wala mfereji."

Lile ndilo shamba lake la mahindi, na hakuwa na lingine. Uamuzi huo ulimuuma hasa, wala hakuficha. Alifuta macho kwa kanga mbele yao wote.

"Shemeji, umechanganyikiwa?" Hezroni alifoka. "Utakula nini?"

"Nitakuja kula kwako. Shamba lako si liko chini ya ndiva? Litakuwa na maji."

Kuna aliyecheka, kisha wakacheka wengi. Hezroni alitazama huku na huku, akawaona wote wamesimama na majembe wakimngoja yeye. Akainama, akajitwika kreti ya kwanza ya miche, akashika njia ya ng'ambo.

"Mama, ramani haisemi hivi," Wilbard alisema.

"Basi irekebishe. Mlitaka miti, leo mnapata ya aina mbili."

"Na mimi ofisini nitasema nini?"

Blandina alishuka kwenye jiwe. "Pembe uliisikia?"

"Niliisikia."

"Basi shika jembe, mwanangu. Utasema ukimaliza."