Majina Yaliyotolewa na Pua

Mwalimu Ndindi alikuwa akimnusa beberu. Nalisema mapema usije ukadhani nimekosea. Mwalimu wa kemia, mwanamke wa miaka arobaini na sita, sketi imepigwa pasi vizuri, ameinama nyuma ya duka la Abdiwali pale Majengo, Pumwani, na pua ameizamisha kwenye shingo ya mbuzi dume. Kila Jumamosi asubuhi! Majirani walikuwa wameshacheka mpaka wakachoka.

"Leo je?" Abdiwali akauliza kutoka mlangoni. Aliuza ubani na udi, na beberu alikuwa wake.

"Bado."

"Wallahi mwalimu, huyu mimi namnusa nikiwa kitandani."

"Basi una bahati," Ndindi akasema, wala hakuwa anatania.

Corona ilimshika mwaka wa 2021. Akapona, lakini pua haikupona. Na wiki ileile aliyokuwa amejifungia chumbani asiambukize watu, mama yake akafariki kule Mwingi. Hakumzika. Dada yake mdogo, Kavinya, ndiye aliyekwenda, na aliporudi alileta leso ambayo mama alikuwa amejifunga siku ya mwisho, haijafuliwa. Ndindi akazika uso mzima ndani yake. Hamna kitu. Ilikuwa kama kunusa ukuta. Siku hiyo alilia kuliko alivyolia alipopata habari za msiba wenyewe.

Basi akafanya alichokijua. Harufu ni chembe, alimweleza Kavinya, na chembe zikishatoka hazirudi. Akaitia leso ndani ya mtungi wa kioo wa kuwekea kemikali, akakaza kifuniko, akaupandisha juu ya kabati katika chumba chao cha Makongeni. "Mtu asiufungue mpaka pua yangu irudi. Nitamnusa mama mara moja, vizuri, kisha basi." Kavinya aliyekuwa kwenye cherehani yake akaitikia bila kuinua kichwa.

Daktari alimwambia aifundishe pua: vitu vichache, vilevile, bila kukata tamaa. Angeweza kuchagua limau na karafuu kama watu wengine. Lakini walimu wa kemia wana ukaidi wao, jamani. Yeye alichagua vitu vilivyozipa kemikali za kaboni majina yake ya kale. Kila asubuhi alinusa siki, siagi iliyochacha, sisimizi waliopondwa na ubani. Beberu alikuwa wa Jumamosi, kwa sababu hakuna mwenye nyumba Makongeni ambaye angekubali mpangaji wa aina hiyo.

"Madam, mbona hii asidi iko na majina mbili?" mwanafunzi mmoja aliwahi kumuuliza darasani.

Ndindi akaweka chaki chini. Hapo ndipo alipopapenda. "Jina jipya linahesabu tu. Heksanoiki, kaboni sita, umemaliza. Jina la kale ni kaproiki, na limetoka kwa mbuzi, kwa Kilatini. Aliyeipata alikuwa akichunguza siagi, akainusa, akasema, ala, huyu ni mbuzi! Asetiki ni siki. Butiriki ni siagi yenyewe. Fomiki ni sisimizi, walichemshwa chunguni watu wakakinga mvuke wao. Hata benzini, hii ya maabara, si ile ya pikipiki, jina lake lilianzia kwenye ubani. Waarabu waliuita ubani wa Java, Wazungu wakalidaka jina, wakalikata kichwa, wakalipinda mpaka likawa hilo."

"Kwani walikuwa wananusa tu?"

"Walikuwa wananusa tu. Vya kuhesabia kaboni hawakuwa navyo. Walikuwa na pua." Akageukia ubao. Aliwaonea wivu wale wazee wa kemia waliokufa zamani, wivu wa kweli, wa kuuma.

Miaka ikapita, mmoja, miwili, mitatu. Kisha Jumamosi moja ya mwezi wa tisa akainama kama kawaida, akavuta pumzi, akasimama wima ghafla. Akainama tena. Kilikuwepo! Ukali mdogo, wa mbali, kama mtu anayekuita kutoka ng'ambo ya barabara.

"Abdiwali! Ananuka! Mbuzi wako ananuka!"

"Alhamdulillahi!" Abdiwali akapiga makofi. "Miaka yote hii nakwambia."

Ndindi alimkumbatia beberu mbele za watu, bila haya, kisha akakata mbio. Alipita kando ya mitaro ya maji machafu, na uvundo ukamfikia kidogo kidogo, naye akacheka peke yake kama kichaa. Samaki wa kukaanga, moshi wa takataka, jasho la wasukuma mikokoteni, vyote alivipokea. Alivuka Jogoo Road akimwita mama yake kwa sauti.

Kavinya alikuwa akishona. Alimtazama dada yake usoni, na mguu ukasimama kwenye cherehani.

"Imerudi," Ndindi akasema, akipanda kiti kuuteremsha mtungi.

"Ngoja kwanza unywe chai, dada."

"Chai ya nini?"

Akafungua. Akaitoa leso taratibu, kwa mikono miwili, akafunika uso. Akanusa nguo kuukuu. Akanusa tena, akapata vumbi kidogo. Akaenda kwenye karai la kufulia, akanusa sabuni. Sabuni ilinuka. Pua ilikuwa inafanya kazi.

"Harufu yake iliisha," Kavinya akasema.

"Umeifua?"

"Sijaifua. Nilikuwa nafungua ukienda shule. Mwanzo Jumapili tu. Baadaye kila siku. Nilimtamani mama, Ndindi. Wewe hukuweza kumnusa, mimi niliweza, na alikuwa hapo juu ya kabati."

"Iliisha lini?"

"Mwaka juzi, karibu na Krismasi."

"Na ukaniacha niendelee kumnusa mbuzi?"

"Ulikuwa unatoka Jumamosi umechangamka. Ningekuambia, ungebaki ukingoja nini?"

Ndindi alitaka kumpiga. Mkono ulikuwa umeshanyanyuka. Badala yake akajisikia akiuliza, kwa sauti ile ya darasani, "Basi niambie ilinukaje."

Kavinya akafumba macho. "Moshi wa kuni. Tumbaku. Samli kidogo." Akatikisa kichwa. "La, hivyo ni vya mama yeyote wa Mwingi. Kulikuwa na kingine, cha kwake peke yake."

"Kilifanana na nini?"

"Hakikufanana na kitu."

"Jaribu, Kavinya. Tafadhali."

Kavinya akajaribu. Midomo ilicheza, isitoe neno, na machozi yakaanza kumtiririka. Ndindi akaikunja leso, akairudisha ndani ya mtungi, akaweka kifuniko. Akakikaza kwa nguvu zake zote, na kilipogoma kuzunguka zaidi, aliendelea kukaza.