Kichwa cha Maonyesho

"Bado! Usiguse!" Mama Allen alimpiga Blandina kibao cha mkono.

Blandina alikuwa ameketi kwenye stuli ya plastiki mlangoni mwa duka, Mtaa wa Sikukuu, Kariakoo, kichwa kizima kimepakwa dawa ya kulainisha nywele na machozi yanamchuruzika. Wanawake wa mikoani waliokuja kununua kwa jumla walimzunguka. Hao hawanunui maneno. Wanataka kuiona dawa ikifanya kazi juu ya kichwa cha mtu, na kichwa hicho, tangu Mama Allen afungue duka, kilikuwa cha Blandina. Kila dawa mpya iliyoshushwa bandarini ilianzia kwake.

"Inaniunguza, Mama Allen."

"Ikiunguza ndiyo inashika. Tulia, wateja wanakuangalia."

Akatulia. Ana mtoto wa kulisha na hana kazi nyingine, angefanyaje?

Kichwa chake kilikuwa vidonda vitupu. Usiku kilitoa maji, asubuhi yakaganda, na mba ikamdondokea mabegani kama unga. Hamdiya, muuzaji mwenzake, ndiye aliyekuwa akimkanda kwa maji ya vuguvugu yenye chumvi na kumpaka mafuta ya mgando. Kwa hiyo mitoki ilipojitokeza shingoni hakuna aliyeshangaa. Kidonda cha kichwani huleta mtoki wa shingoni, hilo kila mtu analijua.

"Vidonda vikipona, itanywea yenyewe," Hamdiya alimwambia.

Vidonda vikapona, maana kwa miezi kadhaa haikushuka dawa mpya. Mitoki haikunywea. Iliongezeka, ikaingia na makwapani, migumu kama mpira, wala haiumi. Mwili ukawa unamwasha bila upele. Usiku alilowa jasho, yeye na shuka na godoro, na sketi zote zikaanza kumpwaya.

Daktari aliyempapasa shingo hakushughulika na kichwa hata kidogo.

"Inauma?"

"Haiumi."

"Bora ingeuma. Mtoki wa kidonda unauma, halafu unaondoka. Huu tunaukata, tuupime. Inaweza kuwa saratani ya tezi. Sijasema ndiyo, mama. Lakini kama ndiyo, tukiwahi inatibika. Njoo Alhamisi asubuhi, na usikose, nafasi hiyo watu wanaililia."

"Ni dawa ya nywele, dokta?"

"Hilo siwezi kukuambia. Tupime kwanza."

Alhamisi alipitia dukani kukabidhi funguo za stoo tu, aende zake. Alikuwa na hofu, lakini neno la daktari kwamba inatibika lilikuwa limemwingia, na alisalimia kwa sauti ya mtu mwenye matumaini. Mama Allen alimwamuru mdogo wake, Hillary, ashushe mlango wa chuma.

"Umeenda kutangaza hospitali kwamba dawa yangu imekupa kansa?"

"Haki ya Mungu sijasema."

"Mtaa mzima unasema! Jana watu wamenirudishia maboksi!"

Blandina alimtazama Hamdiya, mtu pekee aliyekuwa amemsimulia habari za daktari. Hamdiya akainamisha uso.

Kofi la kwanza lilimpasua mdomo. La pili lilimkuta anakimbilia mlango. Hillary akamdaka mkono, akaukunja mgongoni mpaka bega likalia. Blandina akamng'ata kidole. Hillary akamtandika ngumi ya mbavu, Blandina akaanguka katikati ya maboksi, na kabla hajapata pumzi Mama Allen alikuwa juu yake, amekikamata kivimbe kikubwa cha shingoni, anakiminya.

"Hiki? Hiki ndicho cha kuniulia biashara?"

"Naomba niende, Mama Allen. Wananisubiri. Nikikosa leo nitakufa."

"Utaenda. Kwanza utanisafishia jina."

Hamdiya aliambiwa ashike kichwa. "Nisamehe, dada," alinong'ona, akashika, na alishika kwa nguvu, kwa sababu na yeye kazi alikuwa anaitaka. Mama Allen akapaka dawa kuanzia utosini hadi kisogoni. Ngozi changa iliyofunika vidonda ikafumuka. Blandina alipiga mayowe. Hillary akaongeza sauti ya redio. Nje majirani walisikia, na hakuna aliyegonga.

Wakamsuuza, wakamkausha. Mdomo uliopasuka ukapakwa rangi nyekundu, shingo ikaviringishiwa mtandio. Nywele ziling'aa, hilo lazima lisemwe. Hillary akainua simu.

"Tabasamu. Haya, sema."

"Naitwa Blandina. Natumia dawa hii miaka yote. Sina tatizo lolote."

Wakamrudisha mwanzo, tena na tena, mpaka alipoacha kutetemeka.

Walipomfungulia, adhuhuri ilikuwa imeshapita. Alijua muda wake na daktari umepita pia, ila alishika njia hivyo hivyo. Labda angempata mtu wa kumbembeleza. Hakufika hata kona. Video ilikuwa imemtangulia.

"Si huyu?" Mwanamke mmoja mwenye mfuko mkubwa wa mzigo alimlinganisha na simu yake. "Dada, mambo! Hizo zako kweli, au umebandika?"

"Nipisheni, jamani, nawahi hospitali."

Wakacheka. Wakamziba njia, wengine wakaja mbio kutoka upande wa pili, na vidole vikaingia kichwani mwake, vikichambua, vikitafuta mshono. Alijaribu kujikinga kwa mikono, wakaitoa. Mwenye mfuko akashika fungu la nywele kisogoni, akavuta kujiridhisha.

Likatoka lote, pamoja na ngozi. Damu ikateremka nyuma ya sikio, ikaloweka mtandio. Blandina akachuchumaa. Yule mwanamke akautazama mkono wake kwa muda, kisha akawageukia wenzake na kuziinua nywele juu, waone wote.

"Hajabandika! Za kwake, jamani! Tazameni na mizizi yake!"

Wakamruka pale chini, wakakimbilia dukani, ambako Mama Allen alikuwa tayari anapasua maboksi.