Jumamosi Tatu za Ghalani

Kila Ijumaa asubuhi, wakati wa chai, mimi hukaa barazani kwangu hapa Musoma na kusikiliza nyimbo mpya za wasanii wasio na lebo wala meneja, wale wanaojirekodi vyumbani mwao na kupandisha kazi zao mtandaoni wenyewe. Jioni huandika maoni mafupi katika ukurasa wangu, unaosomwa na watu mia tatu na ushei. Jumatatu huandika juu ya bendi zilizosahauliwa: nani alipiga gitaa, nani amefariki, kanda imebaki kwa nani. Nilikuwa karani wa mahakama kwa miaka thelathini na moja, nami siandiki neno lisilo na ushahidi.

Ijumaa ile wimbo wa nne ulinikuta kikombe kikiwa mkononi. Msichana aitwaye Brenda, wa Bunda, aliimba kwa gitaa moja na kitu kilichosikika kama debe linalopigwa kwa vidole. Wimbo uliitwa "Salamu za Rukuba". Kijana wa bara anampa mvuvi salamu ampelekee msichana wa kisiwani. Beti mbili, kisha gitaa linakatika kama mtu aliyeitwa nje ghafla. Chini yake Brenda alikuwa ameandika: "Wimbo wa kale. Mtunzi hajulikani."

Nilisimama. Nikakaa. Nikasimama tena, nikaenda hadi getini, ambako sikuwa na shughuli yoyote. Mtunzi alijulikana. Jina lake nilikuwa nimeliandika mimi mwenyewe, kwa wino wa bluu, mwaka 1984.

Mwaka huo nilikuwa kiranja mkuu katika shule ya bweni ya wavulana. Shule ile ilitufundisha kuamka kabla ya kengele, kutandika kitanda bila kunyanzi moja, na kusema kweli. Mawili ya kwanza nayatimiza hadi leo. Jumamosi ilikuwa siku ya kazi za mikono, na katika hesabu yangu ya shambani walipungua wanne: Nicolaus, Burito, Felisian na Shija. Niliwapata kwa masikio kabla ya macho. Walikuwa ndani ya ghala la pili la mahindi wakiwa na gitaa la kuazima na debe la mafuta ya taa, na bendi yao waliiita Ghala Namba Mbili. Nicolaus ndiye aliyetunga. Burito ndiye aliyepiga debe. Jumamosi ya kwanza niliandika daftarini mwangu majina manne. Jumamosi ya pili, manne. Ya tatu niliandika matatu, kwa kuwa Burito alikuwa amelazwa zahanati na homa, na ukurasa huo ndio niliomwonyesha mwalimu wa nidhamu. Watatu wale walirudishwa makwao kwa wiki tatu. Burito hakuguswa.

Waliporejea walimwita msaliti. Ilisemekana aliwauza kwa kiranja kwa nusu kilo ya sukari, mwaka ambao sukari haikuonekana madukani. Bendi ikafa hapo. Sheria ilimkataza kiranja kueleza majina aliyapataje. Niliishika sheria hiyo hadi siku ya kumaliza shule. Na sheria ilipokwisha, nikaendelea kuishika.

Saa nne asubuhi nilikuwa njiani kwenda Bunda, daftari lile la kiranja likiwa ndani ya mkoba.

Brenda alikuwa na chumba nyuma ya saluni ya mama yake mdogo, kuta zote zimetundikwa mablanketi ili sauti isirudi. Alinitazama kuanzia viatu.

"Kumbe wewe ndiye mzee wa ule ukurasa? Shikamoo. Mwaka jana uliandika gitaa langu linalia kama mbuzi aliyefungwa vibaya."

"Marahaba. Niliandika kwamba uzi wa tano umelegea."

"Na mbuzi uliandika."

"Na mbuzi," nilikiri. "Wimbo wa leo umeupata wapi?"

Uso wake ukabadilika. "Usihangaike kuuandika. Jumapili baada ya misa naufuta. Baba ameamuru."

Baba yake alikuwa Burito. Anaishi Kibara, ana mtumbwi wake. Aliwaimbia watoto wake wimbo ule miaka yote huku akipiga debe, na Brenda alidhani ni wa wazee wa zamani. Asubuhi hiyo alimtumia baba yake kwa simu, naye akapiga papo hapo.

"Ananiambia una mwenyewe, yuko Butiama, njia ya Mwitongo. Anasema kuutumia bila ruhusa yake ni sawa na kukamua ng'ombe wa mtu."

"Basi aiombe ruhusa."

"Mwenyewe hataki hata kumsikia. Eti baba aliwauzaga shuleni, kwa sukari." Alicheka bila furaha. "Mzee, baba yangu anakunywaga chai kavu. Tangu nimezaliwa sijamwona anatia sukari kwenye kikombe. Nyimbo zangu nyingine zinasikilizwaga na mashangazi tu. Huu, tangu asubuhi, watu elfu mbili. Nifanyeje sasa?"

Nilipaswa kusema hapo hapo. Niliomba maji ya kunywa.

"Kesho nitakwenda Butiama kumwomba," nilisema nilipomaliza glasi.

"Akikataa?"

"Utafuta."

Jumamosi nilimkuta Nicolaus juu ya mwamba ulio nyuma ya nyumba yake, akigeuza udaga kwa kijiti, vipande vyeupe vya muhogo vimetandazwa hadi ukingoni. Amekonda, lakini mgongo umenyooka.

"Kiranja," alisema. "Bado unatembea kama unakagua mabweni. Usinikanyagie udaga."

Sikumweleza kitu. Nilishika simu juu, nikauacha wimbo uimbe. Alisikiliza akiwa amenipa mgongo; vidole vya mkono wake wa kushoto vilipanda na kushuka kwenye kile kijiti.

"Nani huyu?"

"Anaitwa Brenda. Binti wa Burito. Anaomba ruhusa yako."

Vidole vikasimama. "Mwambie aufute."

"Ni kazi nzuri, Nicolaus."

"Sijasema mbaya. Nimesema aufute. Felisian na Shija wamezikwa wakijua Burito ni mtu gani. Mimi nibadilike leo kwa ajili ya simu yako?"

Nilimuaga. Nilifika barabarani, nikageuka, nikarudi hadi kwenye mwamba. Nikaondoka tena, nikarudi tena. Hakuna nilichokuwa nimesahau. Mara ya pili alikuwa ameketi, kijiti kimelala magotini.

"Mbona wimbo umekatika?" aliuliza, kama anayejiuliza mwenyewe. "Ubeti wa tatu ameupeleka wapi?"

"Hawaujui, yeye na baba yake."

"Burito asiujue vipi? Tuliupiga."

"Mliupiga Jumamosi ya tatu. Burito alikuwa zahanati."

Aliinua macho taratibu. "Na wewe unajuaje tuliupiga siku gani?"

Nikatoa daftari. Nilimsomea tarehe tatu, majina manne, manne, matatu, kwa sauti ile ile niliyosomea mashauri mahakamani, maana sauti nyingine sikuwa nayo.

"Nani alikwambia tuko ghalani?"

"Hakuna. Debe lilisikika hadi zizini. Nilisimama nyuma ya ukuta."

"Jumamosi zote tatu?"

"Zote."

"Sasa mbona hukutupeleka siku ya kwanza?"

"Wimbo ulikuwa haujaisha. Nilitaka kusikia mwisho wake."

Aliweka kijiti chini. "Yaani ulisubiri tumalize kutunga," alisema, "ndipo ukatuchongea."

"Ndiyo. Kuwaandika ilikuwa kazi yangu, na ningeifanya tena. Kunyamaza juu ya Burito haikuwa kazi ya mtu yeyote."

"Hotuba hiyo." Alitema mate pembeni. "Mimi unanihutubia wa nini? Nilirudi nyumbani wiki tatu, nikapalilia mtama, basi. Mpigie yeye. Sasa hivi, nikiwa nasikia."

Namba nilikuwa nimepewa na Brenda. Burito alipopokea kulikuwa na mngurumo wa injini ya mtumbwi, nami nikalazimika kupaza sauti.

"Burito, ni Mseti, niliyekuwa kiranja. Ni mimi niliyewaandika. Niliwasikia kwa masikio yangu. Wewe hukusema neno."

Injini ikazimwa. "Sema tena."

Nikasema tena.

"Na ulijua wananiita hivyo?"

"Nilijua tangu siku ya kwanza."

Maji yaligonga ubavu wa mtumbwi mara kadhaa. "Mke wangu wa kwanza kwao waliniulizia hiyo sukari," alisema. "Harusi ikachelewa mwaka. Umezeeka vizuri, Mseti?"

Hakuningoja nijibu. "Nicolaus yuko hapo?"

Nicolaus aliichukua simu, akaishika mbali na uso kama kitu cha moto. "Burito. Mtoto asifute. Lakini ameacha ubeti."

"Ubeti gani?"

"Wa tatu. Msichana wa Rukuba anajibu."

"Alijibu?" Sauti ilipungua. "Mimi nimewaimbia watoto miaka yote hajibu."

"Anajibu. Anasema..." Nicolaus alifungua kinywa, akakifunga. Akajaribu tena, akaishia kwenye neno la pili. "Yamenipotea, mura, ndugu yangu. Sikuwahi kuuimba tena."

Alitikisa kichwa. Kisha Nicolaus akageuka akanitazama, akanisogezea simu.

"Kiranja. Si ulitaka mwisho?"

Sijawahi kuimba mbele ya mtu. Hata kanisani hushika kitabu, nikasimama wima, nikawaachia wengine. Nililaza daftari juu ya mwamba, maana ubeti wa tatu nilikuwa nao kichwani tangu siku ile, nikavua kofia.

"Ngoja kwanza," alisema Burito. "Kuna debe la mafuta hapa."

Tukamngoja. Alipogonga mara mbili, nikaanza.