Kamera ya Siku ya Posa

Jumamosi, tarehe 12 Agosti 2023. Asubuhi ile mji wetu wa Baraka uliamka na upepo mkavu. Vumbi lilikuwa limefunika majani ya migomba, na upande wa ziwa hakukuonekana kitu, ni weupe tu.

Kioo cha kompyuta kiliandika kwa Kifaransa kwamba hakuna kamera iliyopatikana. Nilisoma mara ya pili, polepole, kidole kikifuata maneno. Nyuma yangu sebule nzima ilikuwa ikinitazama.

Wageni walikuwa wameshuka kutoka Bibokoboko, kwa wafugaji wa milimani, kumwomba binti yangu Clarisse awe mke wa kijana wao, Mpano. Mzee Kayumba, baba yake, alikaa katikati, kofia magotini. Walitaka kuanza kupanda mlima mapema, maana njia ile mtu haipiti gizani. Upande wa pili walikaa ndugu zangu, Wabembe, waliokuja kwa heshima yangu na si kwa furaha. Kila upande ulikuwa na makaburi yake ya vita vya kati yetu na wao, na kila upande ulijua mwenzake anayafikiria.

Katika ukoo wangu, posa haipokelewi mpaka mjomba wa binti awaone waombaji kwa macho yake. Mjomba huyo ni kaka yangu mkubwa, Bonaventure, ninayemwita Yaya kwa heshima ya ukubwa wake, aliyekimbilia Zambia mwaka ule nyumba yake ya Lweba ilipochomwa vitani. Siku hizi miguu haimbebi. Nilipompigia kumweleza wanaomtaka Clarisse ni watu wa wapi, alinirudisha mara mbili kwenye jina la Bibokoboko. Kisha akasema hataki kupitishiwa simu kutoka uso mmoja hadi mwingine.

"Mi siwezi bariki sauti. Nataka nione kikao yote: nani anakaa wapi, nani anaangalia chini. Kama sitabaona, hakuna ndoa."

Ndiyo maana Mwalimu Roger aliniletea kamera kutoka Uvira. Yeye ndiye aliyetufundisha sisi watu wazima masomo ya jioni, katika chumba cha kanisa. Nilianza kwa kuandika jina langu, nikafika hadi kwenye kompyuta ya mezani aliyoiacha marehemu mume wangu, nayo haina kamera yake. Siku ya posa Roger alikuwa Lulimba kwenye mazishi. Nilibaki na neno alilozoea kutuambia: ombeni kwanza, halafu msome kile kioo kinachosema, msibonyeze kwa hofu.

Nikafumba macho. Bwana, sikuombi muujiza, nakuomba akili.

Nikaufuata waya kwa mkono. Kamera nilikuwa nimeichomeka kwenye kigawanyo kimoja cha matundu ya USB pamoja na kipanya, kibodi na feni ndogo ya wageni, na betri ya sola ilikuwa inachoka. Nikaichomoa, nikaiingiza moja kwa moja nyuma ya mashine. Taa ndogo ya buluu ikawaka. Mtu mmoja akashusha pumzi.

Nikampigia kaka yangu, akapokea. Sisi tulimwona, amekaa kitini na koti lake zito, yeye hakutuona. Kwake, alisema, ni giza. Nikaingia kwenye mipangilio nikakuta programu haijaruhusiwa kutumia kamera. Nikairuhusu, nikafunga kila kitu, nikampigia upya.

"Sasa naona kaukungu," akasema. "Bantu kama moshi. Constance, munanificha nini?"

Nadège, mke wa binamu yangu, akacheka puani, akasema pengine kamera nayo imekataa posa. Hakuna aliyecheka naye. Mzee Kayumba akainuka nusu. Sauti yake ilikuwa laini, na ndicho kilichonitisha.

"Mama Clarisse, kama hamututaki, mutuambie tu. Si lazima mutafutie mashini makosa. Mulima iko mbali."

Clarisse alikuwa amesimama kwenye mlango wa jikoni. Hakulia. Alishika fremu kwa mikono miwili.

Nikamsihi mzee akae, kwa jina la Mungu, muda wa sala moja tu. Taa ya betri ya sola ilikuwa imeshakuwa nyekundu. Nikaileta kamera karibu na uso wangu, kama mtu anayetafuta uchafu ndani ya jicho la mtoto. Kwetu kitu kipya hakivuliwi nailoni. Kiti hukaliwa nayo mpaka ipasuke yenyewe, rimoti huzeekea ndani yake. Kamera ile nayo tuliitunza hivyo hivyo, Clarisse na mimi, tukifuta vumbi kila jioni juu ya utando mwembamba uliobandikwa kwenye jicho lake. Nikaingiza ukucha. Utando ukabanduka bila sauti.

Kule Zambia, kaka yangu akasogeza uso. Niliyaona macho yake yakipita kwa mmoja mmoja, yakamfikia Kayumba, yakakaa hapo. Wazee wawili wakatazamana, na hakuna aliyeangalia chini.

"We ndiye baba ya kijana," akasema.

Kayumba akaitikia kwamba ndiye.

"Mi sikuulizi ng'ombe ya mahari. Nakuuliza kintu kimoja. Vita ikirudi, barabara ikifungwa, mutoto yetu iko kule juu kwenu. Ni nani atamurudisha?"

Upepo ulisukuma mchanga kwenye mabati. Mpano akafungua mdomo. Baba yake akamgusa goti. Mzee akasimama, akapita mbele ya ndugu zangu mpaka kwenye kamera, karibu mno. Kabla ya kusema aligeuka, akawaangalia watu wangu, kisha akawaangalia wake, muda mrefu zaidi.

"Basikie bote," akasema. "Siku hiyo mi mwenyewe nitamushusha, nimemushika mukono, mpaka kwa mulango ya mama yake. Hata kama ni bandugu yangu ndio bananikataza."