Chumvi ya Mbuzi kwa Nguruwe

Bado nina hasira, na mtu asiniambie nitulie. Nguruwe si mbuzi! Nimelisema hilo mpaka koo likakauka. Nilimwambia Apua kwa Kiswahili, nikamwambia kwa Kiturkana changu cha kuokota sokoni, naye kila mara aliitikia "sawa, dada," kama mtu aliyeelewa.

Tulikuwa na nguruwe jike mmoja, mimi na yeye. Mimi ni Nyawal, mkimbizi wa kambi ya Kakuma. Majirani zangu wengine kambini hawataki hata kusikia harufu ya nguruwe, kwa hiyo zizi tulilijenga kwa Apua, mama Mturkana mwenyeji, ng'ambo ya mto mkavu. Boma lake, chakula changu. Nguruwe alikuwa na mimba ya kwanza, tumbo karibu liburuzike mchangani. Mgao wa kambini umekatwa mpaka wanangu wanalala na uji mwepesi, na nilikuwa nimewaahidi kwamba akizaa tu, tutaanza kujitegemea. Roho yangu yote ilikuwa kwenye lile tumbo.

Chakula chake nilikichanganya mwenyewe. Pumba za mahindi ndizo nyingi, za kumpa nguvu. Maganda ya mathenge, ule mti wa miiba, tuliyakausha tukayatwanga na mbegu zake. Kisha vichwa vya samaki kutoka Kataboi, kule ziwani, vilivyosagwa, vya kuwajenga watoto walio tumboni, lakini kidogo, kwa sababu samaki wale hupakwa chumvi kabla ya kuanikwa. Chumvi hiyo inatosha. Mimi siongezi hata chembe.

Siku hiyo nilikuwa nimekwenda Lodwar kutafuta mashudu ya alizeti, maana pumba zikizidi humnenepesha mama na kuwaacha watoto dhaifu. Nikarudi mchana na gunia langu, nikapiga hodi kwa Kiturkana, "Ejok!" pale langoni. Kimya. Nikachungulia zizini. Jamani! Nguruwe alikuwa amebandika paji la uso kwenye ukuta wa miti, anausukuma, anausukuma tu. Nikamwita, hakugeuka. Masikio yanatetemeka, mdomo umejaa povu. Hori la maji lilikuwa kavu kabisa, na kwenye hori la chakula niliona punje nyeupe. Nikaonja. Ulimi uliniwaka.

Apua akatokea na jerikeni ya maji kichwani, jasho linamtiririka. Bomba la karibu lilikuwa limeharibika tangu asubuhi, akawa ameenda kuchimba mchangani kule mtoni.

"Umemwekea nini huyu?" nikamfokea kabla hajatua mzigo.

"Chumvi. Ile udongo ya ziwani kaka yangu analetea mbuzi. Mnyama ya mimba bila chumvi haitoi maziwa, dada. Nimeweka mkono mbili tu, nikusaidie."

Nikusaidie! Damu ilinichemka. Nilimtukana, sitaficha. Nilimwambia ana kichwa cha ngamia. Mbuzi wake wanalamba chumvi kisha wanakunywa mpaka wanatosheka, lakini nguruwe aliyelishwa chumvi juu ya chumvi, na hori limekauka, inampanda kichwani. Ndiyo maana alikuwa anasukuma ukuta.

Apua aliona lile povu, akakimbilia hori na jerikeni yake.

"Usimpe!"

"Anakufa na kiu, Nyawal!"

"Akinywa yote kwa mpigo ndipo atakufa! Ubongo utavimba! Mpe kikombe, ungoje, umpe kingine!"

Alinitazama kama anamtazama mchawi. Apua amekua akitekea mifugo maji visimani. Kwao mnyama mwenye kiu haulizwi kitu. Unakaa kando, anakunywa mpaka ainue kichwa mwenyewe. "Kunyima mnyama maji ni laana," akasema, akanisukuma kwa bega, akaanza kuinamisha jerikeni. Nikaidaka. Tukavutana. Nguruwe alisikia harufu ya maji, akaja anapepesuka, akaanguka miguuni petu. Apua ana nguvu kunishinda, na nikaona sasa ananipokonya. Basi nikaipiga teke ile jerikeni, ikaanguka nje ya zizi, maji yakamwagika.

Mchanga uliyanywa yote mara moja. Yakabaki machache tu kwenye kona ya jerikeni.

"Hayo ilikuwa ya watoto yangu pia," Apua akasema, sauti ya chini kabisa. Akaenda kukaa mlangoni kwake, akanipa mgongo.

Nilimnywesha nguruwe yale yaliyobaki, kikombe, nangoja, kikombe, mpaka jua likainama. Masikio yakaacha kutetemeka. Akasimama, akanusa gunia langu la mashudu. Nikamwambia Apua, "Amepona."

"Nimeona. Kesho utoe nguruwe yako hapa. Mtu anamwaga maji, hakai kwangu."

Nimtoe nimpeleke wapi? Kambini? Nilirudi nyumbani nimefura. Mimi nimeokoa mnyama, halafu mimi ndiye nifukuzwe! Asubuhi nikapanga foleni kwenye bomba la kambini, nikajaza jerikeni, nikavuka nayo mto mkavu, njia nzima nasema peke yangu: nilikuwa sawa, nilikuwa sawa. Nikaibwaga mbele ya Apua.

"Haya, maji ya watoto wako. Kama ni kumwaga, mwaga na wewe, tuwe sawa!"

Akaichukua. Akaenda nayo mpaka pale pale nilipomwaga mimi, akaiinamisha. Maji yakatoka kidogo. Akaiinua haraka, akaziba mdomo wa jerikeni kwa kiganja, na machozi yakamtoka.

"Siwezi," akasema. "Wewe uliweza aje?"

Nikafungua kinywa nimweleze tena habari za chumvi na ubongo. Ndani ya zizi nguruwe alikuwa anagonga hori kwa pua, anataka maji. Apua akajifuta uso, akachukua kikombe, akanigeukia.

"Ngapi?" akauliza.